Alama za Vidole Chini ya Sahani

Kiwandani, bonde la Taf, Wales
9 Machi 1819

Kwa Mjomba Ithel,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na moshi wa London haujakumaliza kifua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema kama kweli unakula nyama kila siku unavyojigamba, basi uchore tumbo lako utuletee tulione. Nguruwe wetu amepona mguu. Mvua haijapumzika tangu Krismasi, mfereji umefura mpaka boti zinapita karibu zituchungulie dirishani. Mhubiri mpya ana sauti ya mbuzi, lakini watu wanalia vilevile.

Usishangae kuikuta barua ndani ya majani makavu pamoja na sahani. Ningeituma kwa posta ungelipishwa wewe, kisha ungenitukana. Dafydd wa botini ndiye aliyenipa akili hiyo. Ukijibu, mpe nahodha wa meli ya Cardiff, Dafydd ataichukua kwake.

Sasa habari yenyewe. Chumba cha wachoraji ni kama kimefungwa. Bwana Crowther mwenye kiwanda anasema London hawataki maua yetu, wanataka kauri yetu ikiwa nyeupe tu, wakaipake wenyewe kwa fasheni yao. Unajua zaidi yangu, maana wewe ndiye unayeletewa. Imebaki meza moja, ya mzee Bevan, naye macho yamekwisha. Majuzi kachora nyuki kwenye kikombe, watu wakadhani ni jongoo. Basi Bwana Crowther kaniahidi mbele ya watu: ile seti kubwa ya sahani aliyoagiza bibi mmoja wa London ikikamilika, mzee Bevan anapumzika na meza ni yangu. Meza yangu, Mjomba! Tangu nilipokuwa mdogo nikikuoshea brashi sijatamani kitu kingine.

Kwa sasa nimewekwa kwenye pipa. Sioned Puw aliyekuwa akichovya ameacha, tumbo lilikuwa likimsumbua. Si kazi ngumu. Unaizamisha sahani kwenye yale maji meupe yenye madini ya risasi, yanayogeuka rangi ya kioo motoni, unaitoa, unazungusha kifundo cha mkono ili maji yaenee sawasawa, unaiweka ubaoni ingoje moto. Bwana mwenyewe kasema nina mkono mwepesi.

Nakuomba unifundishe waridi lako kwa barua. Lile ambalo mwanga wake unatoka ndani ya ua. Nisikae kwenye meza ile nikachekwa.

Mpwa wako,
Mabli


London
20 Aprili 1819

Mpwa wangu Mabli,

Marahaba. Barua yako imefika imejaa makapi, nimeisoma huku napiga chafya. Mwambie dada yangu Gwladys kwamba tumbo langu halienei kwenye karatasi. Nafanya kazi darini kwa Bwana Sewter, tuko wachoraji wanne, na dirisha moja tunaligombania kama kuku. Huyu aliye karibu yangu anachora ndege tu. Hajawahi kumtazama ndege hata mmoja, lakini wateja wanampenda.

Nimesoma habari ya meza, nikafurahi. Kisha nikasoma habari ya pipa, sikufurahi tena. Toka kwenye pipa, Mabli. Nakuambia wazi, bila kuzungukazunguka. Wewe ulikuwa mdogo mke wangu Catrin alipofariki, wakakuambia ni kifua. Hakikuwa kifua. Catrin alichovya sahani kule Uingereza kabla hatujarudi kwetu. Lilianza tumbo, likafuata lile jambo la mkono. Zaidi ya hapo sitaandika.

Mwambie Bwana Crowther akutafutie kazi nyingine yoyote, hata kukanyaga udongo. Na mpaka atakapokupa, usile karibu na pipa, usiingie kazini na njaa, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, na acha kutafuna kucha. Najua bado unatafuna.

Nilizigeuza sahani za kreti hiyo moja moja nikaona alama za vidole vyako. Kila mchovyaji ana pahali anaposhikia, na pale rangi ya kioo haishiki vizuri hata ukipapaka tone juu yake. Wewe unashika kwa vidole vitatu kwenye ukingo wa chini, na gumba lako lina ule mstari wa kovu la mundu. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza nimeona nini. Nikawaambia nimeona mtu wa nyumbani.

Waridi ni hivi. Usianze na mwanga. Paka ua zima kwa rangi, nzito, kama mtu asiyejali. Kisha chukua brashi kavu uifute rangi pale unapotaka mwanga uingie. Weupe unaouona kwenye waridi langu si rangi, ni kauri yenyewe. Ukisitasita rangi inakauka na ua limekwisha. Mkono uende mara moja.

Lakini kwanza utoke kwenye pipa.

Mjomba wako,
Ithel


Kiwandani
27 Juni 1819

Kwa Mjomba Ithel,

Shikamoo Mjomba, na pole kwa chafya. Tuko salama. Mama kalima viazi vyote peke yake na sasa maumivu ya mgongo yanaamka kabla yake. Betsan jirani kaposwa na yule fundi wa makaa ya mawe mwenye masikio. Nimemwambia upepo ukivuma amshike vizuri.

Barua yako nilimsomea Mama, ila si yote. Pale penye Catrin nilipapita. Asingelala.

Mjomba, nimezungumza na Bwana Crowther. Kasema, "Mabli, nani mwingine achovye? Nikimweka mtu mpya sasa, seti haitalingana." Na ni kweli. Ukiziweka sahani zangu na za Sioned pamoja, hata kipofu angezitenga. Tena akasema, "Sahani za bibi kwanza, maua baadaye." Nikiliacha pipa naiacha meza, ndivyo ilivyo. Na nyumba hii ni ya kiwanda, usisahau.

Tatizo ni tanuru. Unaujua udongo wetu, ukikubali unapitisha mwanga kama kucha, lakini moto ukizidi kidogo tu unalegea. Mwezi uliopita tulifungua tanuru tukakuta sahani zimelala zimejikunja, chache mno ndizo zilizosimama. Bwana Crowther alikaa chini kwenye majivu na koti lake zuri. Basi seti inakwenda polepole, na mimi nachovya nikingoja.

Nimelijaribu waridi lako kwenye kigae. Ufundi wa kufuta kwa brashi kavu nimeupata! Lakini nilikosea rangi. Ile nyekundu inayotoka kwenye dhahabu, kabla ya moto inakaa kama matope ya zambarau, nami nikaiona imefifia nikaongeza, nikaongeza tena. Ilipotoka motoni waridi lilikuwa ini la ng'ombe. Mzee Bevan alilisogeza karibu na jicho akaniuliza, "Hili la kukaanga au la kuchemsha?"

Tumbo lilinibana siku kadhaa, ila nililaumu matunda mabichi, mwaka huu nimeyafakamia. Sioned hajambo, nilimwona kanisani.

Mpwa wako,
Mabli


London
15 Agosti 1819

Mpwa wangu Mabli,

Marahaba. Hapa joto limetukalia vichwani. Mto unanuka, maziwa hayafiki jioni. Nilipata bahati ya kuonja mkate wa mwani kwa mama mmoja wa kwetu anayeuza maziwa mitaa hii, nikala huku machozi yananitoka, akadhani haukuwa mzuri.

Kuhusu ini lako: kosa hilo tumelifanya sote. Usiamini jicho lako kabla ya moto. Paka nyembamba kuliko unavyotaka, kisha uache.

Kreti imefika. Nimezitazama sahani na nitakuambia nilichokiona. Alama ni zako, lakini rangi ya kioo imekuwa nene upande mmoja, imetiririka ikakwama kama mshumaa. Mwezi Machi ilikuwa imeenea sawa kote. Unajua kinachoisababisha. Kifundo cha mkono hakizunguki. Na herufi zako zimekuwa kubwa, zinapanda na kushuka, na wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka mimi kwa mwandiko. Tumbo lako si matunda. Mabli, naogopa. Sijui njia nyingine ya kuliandika hilo.

Nimekutafutia pahali. Kuna Bibi Hannah Tolley hapa, mjane, anasimamia wanawake wanaosugua kwa jiwe dhahabu iliyopakwa kwenye vyombo, baada ya moto, mpaka ing'ae. Kazi safi, ya kukaa, haina risasi. Mdomo wake hauna breki lakini moyo wake mzuri. Kasema, "Mlete huyo mpwa wako, nitamngoja mpaka mwisho wa Septemba." Utalala kwake. Mama yako naye nitamtafutia la kufanya, nyumba ya Bwana Crowther isiwe sababu.

Najua si meza ya rangi. Njoo tu. Maua tutayapigania baadaye, ukiwa mzima.

Mjomba wako,
Ithel


Kiwandani
30 Septemba 1819

Kwa Mjomba Ithel,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mfereji ulivunja ukingo kule chini na boti zikasimama. Mama hajambo. Betsan kaolewa, tulikula mpaka tukashindwa kucheza. Nguruwe ananenepa, hajui kinachomngoja, maskini.

Mshukuru sana Bibi Tolley, lakini ampe mwingine nafasi hiyo. Mjomba, nimetoka kwenye pipa! Bwana Crowther hakungoja seti iishe. Niko kwenye meza ya mzee Bevan tangu wiki mbili zilizopita, nachora vishada vidogo vya maua kwenye vikombe vya sokoni, na dirisha ni langu peke yangu, hakuna wa kuligombania. Tumbo limetulia. Mwandiko wangu ni mbaya kwa sababu naandika haraka, Dafydd ananingoja.

Usiwe na wasiwasi tena.

Mpwa wako,
Mabli


London
24 Oktoba 1819

Mabli,

Barua yako niliisoma kwanza, nikaruka nikamkumbatia yule mchora ndege, akadhani nimelewa. Kisha nikazitoa sahani zilizokuja nayo kwenye majani yale yale.

Alama ni zako. Si vidole vitatu tena, ni vinne, na kiganja kimegusa, kwa sababu vitatu havina nguvu ya kuishika. Gumba lina mstari wake. Ukiniambia zilichovywa zamani nitakujibu hapana. Zamani hukuwa unashika hivyo. Agosti hukuwa unashika hivyo.

Umenidanganya. Nimekasirika kiasi kwamba niliinua sahani moja niipige ukutani. Sikuipiga. Niliirudisha mezani nikaipaka maua, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na Bwana Sewter alikuwa amesimama nyuma yangu. Najichukia kwa hilo. Nilimwomba ruhusa nije huko, kasema, "Nenda popote, Ithel, seti ikishakwisha." Nawe unangoja hiyo hiyo seti. Kila sahani ninayoletewa naifurahia kwa kuwa inatusogeza mwisho, na kila sahani umeichovya wewe.

Najua unamsomea mama yako unayotaka wewe. Safari hii nimemwandikia yule mhubiri wenu mwenye sauti ya mbuzi, kwa posta, amsomee Gwladys kila neno. Ukinikasirikia, nikasirikie.

Bibi Tolley nimempigia magoti. Atakungoja.

Ithel


Kiwandani
28 Desemba 1819

Kwa Mjomba Ithel,

Shikamoo. Anayeandika ni Betsan, maneno ni ya Mabli. Mimi Betsan nakusalimu pia, na mume wangu, na masikio yake.

Krismasi imepita salama. Tulimchinja nguruwe, Mama kaweka kipande cha paja kwa ajili yako darini. Waimbaji wa Krismasi wamekuja na fuvu la farasi mlangoni kama kila mwaka, wakaimba beti zao za kushindana, Mama hakuwa na beti ya kuwajibu, basi wakaingia wakanywa bia yetu yote. Mwaka jana ni mimi niliyewajibu mpaka wakaondoka na kiu.

Mhubiri alikuja na barua yako ilipofika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanipiga kofi, kisha akakaa chini akalia. Akavua aproni akaenda kwa Bwana Crowther, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye mfereji. Sijachovya tena tangu siku ile. Lakini Mjomba, nilikuwa nimekwisha kuchovya za mwisho asubuhi yake. Sikukasirikii. Nilikasirika kidogo, imepita.

Za mwisho zimeingia motoni na zimetoka wima. Kila mtu alipiga kelele. Zimekwisha kufungwa, utazipata na barua hii. Bwana Crowther si mtu wa kuvunja ahadi, sitamsingizia. Jumatatu iliyofuata alinishika bega mbele ya watu akaniketisha kwenye meza. Mzee Bevan alikuwa kaniachia brashi zake zote, kazifunga kwa utepe. Walikuja kutazama, hata wachoma tanuru. Nilikuwa na kikombe kizuri, kimenyooka. Nikaitia brashi rangi nyembamba ulivyosema.

Mkono haukuinuka. Unaning'inia kwenye kifundo, Mjomba, kama glavu tupu. Nilidhani ni aibu ya kutazamwa, nikausaidia kwa mkono wa kushoto, brashi ikaanguka ikachafua kikombe. Mtu mmoja alicheka. Bwana Crowther kasema nipumzike, meza itaningoja mpaka mwisho wa Januari, baada ya hapo hawezi. Sioned Puw naye alikuwepo, kaletwa kutazama. Nilikuambia hajambo. Hajambo kwa kuwa analishwa na dada yake.

Nakuuliza jambo moja tu, na usinizungushe. Nimekudanganya vya kutosha, lakini wewe usinidanganye. Mkono wa Catrin ulirudi?

Mpwa wako,
Mabli


London
16 Januari 1820

Mpwa wangu Mabli,

Marahaba. Baridi imegandisha ndoo zetu ndani ya nyumba. Mwambie mama yako nalitaka paja langu lote, asilikate. Seti imekwisha jana. Waliipanga yote kwenye meza ndefu dukani, mishumaa ikiwa nyuma, na mwanga ulipita kwenye kila sahani mpaka ukaona kivuli cha mkono wa aliyeinua moja. Yule bibi alikuja na mumewe. Alisema mawaridi yangu yanapendeza. Aliigeuza sahani moja kutazama chini, akaona alama za vidole, akamwuliza Bwana Sewter kama hilo ni doa. Bwana Sewter akamwambia zote zina hilo, ndivyo kauri ya Wales ilivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kumwambia jina lako, na sikusema.

Naona nimefika katikati ya karatasi na sijakujibu.

Haukurudi, Mabli. Nilimvalisha na kumlisha miaka miwili. Kuna wengine ambao mkono uliwarudia walipoacha mapema, nimewaona kwa macho yangu, mmoja alirudi hata kushona. Catrin hakuacha mapema. Wewe sijui ni yupi kati yao, na anayekuambia anajua anakudanganya. Ningeweza kuandika kwamba ulirudi. Niliandika hivyo jana nikachoma karatasi.

Nimeacha kazi kwa Bwana Sewter. Bibi Tolley kanifungia mkate na maneno mengi. Natoka kesho kwa gari la farasi, barua hii huenda ikafika siku moja na mimi. Usimrudishie mzee Bevan brashi zake. Kila asubuhi nenda uketi kwenye meza ile, hata kama mkono umelala mapajani, hata wakitazama. Ahadi ni mpaka mwisho wa mwezi, nasi tutazitumia siku zote hizo. Nitakaa nyuma yako, niushike mkono wako kwenye kifundo, tuone kama vidole bado vinajua.

Mjomba wako,
Ithel